Mlezi Naye Ana Mwili

Katika Kiswahili neno mlezi lina heshima kubwa. Chama huwa na mlezi wake, shule huwa na walezi wake, na mtoto aliyefiwa na wazazi au kutengwa nao hutafutiwa mlezi wa kumkuza. Hata hivyo, neno hilo hutamkwa kana kwamba linataja wema mtupu. Ni nadra msikilizaji kukumbuka kwamba mlezi ni mtu mwenye moyo unaopiga, tumbo linaloweza kusokota na usingizi unaoweza kupotea. Watu humsifu kwa uvumilivu wake, kisha hurejea majumbani mwao. Sifa hizo ni njema, lakini haziteremshi shinikizo la damu.

Hoja ya makala hii ni kwamba dhiki ya mlezi haitokani na upungufu wa mapenzi wala udhaifu wa imani. Ni jambo la mwili, na sayansi imekwisha kulipima. Kwa hiyo jamii inayomkabidhi mtu mtoto asiyemzaa inao wajibu wa kumkabidhi pia nafasi ya kupumzika. Pasipo nafasi hiyo, mlezi huvunjika. Na mlezi akivunjika, mtoto aliyekwisha kupoteza nyumba moja hupoteza ya pili.

Mlezi ni nani?

Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa kumkabidhi mtoto kwa mlezi chini ya uangalizi wa maafisa ustawi wa jamii. Utaratibu huo huitwa malezi ya kambo. Jina hilo lenyewe ni mzigo, kwani katika hadithi nyingi mama wa kambo ndiye mkatili, na mtoto wa kambo ndiye anayelala jikoni. Mtu anayejitolea kumlea mtoto wa mwenziwe huanza kazi yake akiwa tayari ameshukiwa.

Lakini walezi walio wengi hawakuteuliwa na afisa yeyote. Matanga yalikwisha, ukoo ukaketi, na mtoto akaambiwa akusanye nguo zake amfuate shangazi, mjomba au bibi. Mfano ulio dhahiri ni ule wa mkoa wa Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo. Katika miaka iliyofuata, maradhi hayo yaliondoa watu wa umri wa kuzaa na kufanya kazi, yakawaacha wazee na watoto wadogo. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kuenea nchini baada ya mwaka 2004, vifo vilipungua. Lakini kwa muda wa miaka ishirini bibi wengi walikwisha kuanza malezi upya katika umri ambao wao wenyewe walitazamia kutunzwa.

Yafaa ieleweke kwamba bibi wa namna hiyo alibeba mambo mawili kwa wakati mmoja. Mjukuu alifiwa na mama. Bibi alifiwa na mtoto. Wote wawili walikuwa wafiwa chini ya paa moja, na mmoja wao alitakiwa awe nguzo ya mwingine.

Mwili unapopambana na dhiki

Mwanafunzi wa biolojia aliyekwisha kusoma habari za homoni anayo maarifa ya kutosha kulielewa jambo hili. Mwaka 1915 Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, alieleza katika kitabu chake jinsi mwili wa mnyama aliyetishwa unavyojiandaa ama kupigana ama kukimbia. Ubongo hupeleka habari kwa njia ya neva hadi kwenye tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, nazo humimina adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi huongezeka, ini hutoa sukari, na damu hupunguzwa tumboni ili ipelekwe kwenye misuli. Hayo yote hutukia katika muda wa nukta chache.

Baada yake hufuata amri ya pili, iendayo polepole zaidi. Sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari. Pituitari nayo huziamsha adrenali zitoe homoni nyingine, kortisoli. Hiyo huuwezesha mwili kuendelea kupata sukari, na huzuia kwa kiasi shughuli za kinga ya mwili. Kwa muda mfupi mpango huu ni wa busara, maana mtu anayemkimbia nyati hana haja ya kushughulika na kidonda wakati huo huo.

Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, alichapisha katika jarida la Nature barua fupi iliyokuja kuwa mashuhuri. Aliwatia panya katika taabu za namna mbalimbali: baridi kali, upasuaji, mazoezi ya kupita kiasi na sumu kidogo. Ingawa taabu zilitofautiana, miili ya panya ilijibu kwa namna moja. Tezi za adrenali zilivimba, tezi ya thaimasi inayohusika na kinga ilinywea, na vidonda vikatokea tumboni. Selye alitaja hatua tatu: kushtuka, kustahimili, na mwisho kuchoka kabisa. Wataalamu waliomfuata walisahihisha jambo moja muhimu. Mara nyingi mwili haudhuriki kwa sababu homoni zimekwisha; hudhurika kwa sababu homoni hizo hizo zilizoumbwa kuuokoa zimeendelea kumiminwa muda mrefu mno. Mwaka 1993 Bruce McEwen na Eliot Stellar waliipa jina gharama hiyo inayolipwa na mwili. Waliiona kuwa ni uchakavu unaolimbikizwa siku hadi siku, kama uchakavu wa mashine isiyozimwa.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani bila chombo chochote isipokuwa saa. Kila mwanafunzi mwenye afya ahesabu mapigo ya mshipa wa mkono kwa dakika moja akiwa ametulia. Kisha arukeruke mahali pamoja kwa dakika mbili, ahesabu tena, na aendelee kuhesabu kila baada ya dakika moja mpaka mapigo yarejee yalipoanzia. Matokeo yakichorwa katika grafu, mstari utapanda, kisha utateremka. Darasa litatambua kwamba kupanda kwa mstari si ugonjwa. Mwili umeumbwa upande na ushuke. Madhara huanza pale mstari unapopanda tena kabla haujamaliza kushuka, leo, kesho na mwaka mzima.

Hapo ndipo alipo mlezi. Usiku huamka kwa kilio cha mtoto anayeota ndoto za kutisha. Alfajiri hufikiri juu ya unga. Mchana huitwa shuleni kwa sababu mtoto amepigana. Jioni hufika ndugu wa upande wa pili na kudokeza kwamba huenda mtoto akachukuliwa. Kila jambo peke yake ni dogo, na watu wengi wangelistahimili. Ugumu ni kwamba baina ya jambo moja na jingine hapana mwanya.

Ushahidi wa vipimo

Je, yapo matokeo ya utafiti yanayoonyesha kwamba kazi ya kumtunza mtu mwingine huacha alama mwilini? Yapo, ingawa mengi hayakufanywa juu ya walezi wa watoto yatima, na msomaji makini hana budi kukumbuka hivyo.

Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Ohio nchini Marekani walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwatunza jamaa zao waliopotewa na akili kwa uzee, na wanawake wengine 13 wa umri na kipato kama chao wasiokuwa na kazi hiyo. Kila mmoja alitiwa jeraha dogo la milimita 3.5 mkononi kwa kifaa cha kidaktari, kisha jeraha likafuatiliwa mpaka lilipopona. Wale wasiokuwa na kazi ya utunzaji walipona kwa wastani wa siku 39. Watunzaji walichukua karibu siku 49. Siku tisa au kumi za nyongeza kwa jeraha dogo kama lile! Watu 26 ni wachache, lakini kipimo chenyewe ni cha wazi kiasi ambacho mtu asiye mtaalamu hukielewa: msongo wa moyo uliichelewesha ngozi kufunga.

Utafiti wa pili ulichapishwa mwaka 2004 na Elissa Epel, Elizabeth Blackburn na wenzao huko California. Blackburn ndiye aliyekuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2009 kwa kazi yake juu ya telomea, yaani ncha zinazozilinda kromosomu zisichakae kila seli inapogawanyika. Wanawake 58 walichunguzwa, wote akina mama. Kati yao 39 walikuwa wakilea mtoto mwenye maradhi ya kudumu, na 19 walikuwa na watoto wenye afya. Jambo la kuzingatiwa ni hili: akina mama waliolea watoto wagonjwa, wakitazamwa kama kundi, hawakuwa na telomea fupi kuliko wenzao. Tofauti ilijitokeza kwa wale waliolea kwa miaka mingi zaidi, na kwa wale waliosema kwamba wanajiona wamelemewa. Uhusiano wa namna hiyo pekee hauthibitishi kwamba jambo moja limesababisha jingine. Hata hivyo, unaelekeza mahali pa kutazama. Kulea mtoto mwenye shida hakukuwa hukumu ya kuzeeka mapema. Lililoambatana na alama za kuzeeka ni kulea kwa muda mrefu huku mtu akijiona amezidiwa.

Walezi wa mtoto wa mwenzao wanazo sababu nyingi za kujiona hivyo. Mtoto aliyekwisha kupoteza watu huwa na hofu ya kupoteza tena, na mara nyingine hulijaribu pendo la mlezi kwa ukaidi, wizi mdogo au ukimya, kana kwamba anauliza, "Na wewe utaniacha lini?" Mlezi asiyejua maana ya swali hilo huona ni utovu wa shukrani. Aidha mlezi hana mamlaka kamili: cheti cha kuzaliwa kiko kwingine, na kila uamuzi mkubwa hungoja kikao cha ukoo. Kadhalika kuna gharama. Ni kweli kwamba ada ya shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016. Lakini sare, madaftari, viatu na chakula havikuondolewa.

Mwisho wa yote hayo ni hali ambayo watu huionea haya kuisema. Huruma hukauka. Mlezi humpikia mtoto, humfulia na kumlipia, lakini hasikii lolote moyoni. Hudhani amekuwa mtu mbaya. Kwa hakika amechoka kwa namna ambayo mwili wa binadamu yeyote ungechoka.

Hoja za wanaopinga

Wapo wasemao kwamba msongo ni ugonjwa wa kizungu, na kwamba wazee wa zamani walilea watoto wengi wa ndugu bila kulalamika. Hoja hii ina ukweli nusu. Wazee walilea watoto wengi, lakini hawakulea peke yao. Mtoto wa marehemu aliingia katika boma lenye wake wenza, mashangazi, dada wakubwa na majirani. Aliyechoka alimpokeza mwenziwe bila hata kusema. Mithali isemayo kwamba mkono mmoja haulei mwana haikutungwa na watu wasiojua uchovu. Ilitungwa na watu walioujua vyema na wakaupangia dawa. Leo mlezi wa mjini hukaa chumba kimoja cha kupanga, na bibi wa kijijini amebaki na wajukuu tu. Mikono imepungua, lakini kazi imebaki ile ile.

Tena si kweli kwamba lugha za Kiafrika hazina jina la hali hii. Mswahili husema fulani "ana mawazo", na kila msikilizaji huelewa kwamba si sifa. Washona wa Zimbabwe husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na ni katika nchi yao kulikozaliwa mfano mmoja wa kutia moyo. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, namna ya kumsikiliza mtu mwenye mawazo na kumsaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia ufumbuzi. Mazungumzo yalifanyika kwenye benchi nje ya zahanati, na mpango ukaitwa Benchi la Urafiki. Matokeo ya majaribio yaliyohusu wagonjwa 573 katika zahanati 24 yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, dalili za sonona zilibaki kwa watu wapatao 14 katika kila 100 waliohudumiwa na benchi, ilhali katika kundi lililopata huduma ya kawaida zilibaki kwa watu wapatao 50 katika kila 100. Mpango huo umeigwa hata Zanzibar. Unaonyesha kwamba mazungumzo yaliyopangwa vizuri ni dawa, na kwamba mtoaji wake anaweza kuwa mama wa mtaani aliyefunzwa.

Wengine huogopa kwamba kuutaja mzigo wa mlezi kutamjeruhi mtoto, ajione kuwa yeye ndiye mzigo. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini mtoto anayeishi na mtu mwenye msongo huuona msongo huo kila siku katika uso na sauti, na akinyimwa maelezo hujipa maelezo yake, ambayo aghalabu ni ya kujilaumu. Mwanafunzi anayelelewa na asiyemzaa yafaa aambiwe waziwazi kwamba uchovu wa mlezi wake hautokani na kosa lake, kama vile njaa ya mkulima haitokani na kosa la mvua.

Linalopasa kutendwa

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba mlezi ajitunze: alale vya kutosha, atembee kwa miguu, ale matunda, apime shinikizo la damu, ahudhurie ibada, akutane na wenzake. Ushauri huo ni sahihi kisayansi. Usingizi ndio wakati ambao mstari wa darasani hupata nafasi ya kushuka. Lakini kumwambia mlezi ajitunze pasipo mtu wa kumpokea mtoto hata kwa saa mbili ni kumwandikia mgonjwa dawa isiyopatikana dukani. Yafaa mambo manne yafanywe.

Kwanza, ukoo au afisa anayemkabidhi mtu mtoto amtaje papo hapo mtu mzima wa pili, kwa jina, atakayempokea mtoto kwa siku zilizopangwa. Ahadi ya "tutasaidiana" isiyo na jina wala siku hufa pamoja na matanga.

Pili, afisa anayemtembelea mtoto aulize pia hali ya mlezi: analalaje, amepimwa shinikizo la damu lini, amecheka na nani. Mlezi anayekosa usingizi kwa majuma kadhaa, anayeumwa kichwa au mgongo bila sababu inayojulikana, anayekasirikia mambo madogo, au asiyesikia lolote moyoni, aelekezwe kituo cha afya kabla hajafikia kusema kwamba amemchoka mtoto.

Tatu, msaada wa fedha uhesabiwe kuwa ni huduma ya afya. Wilayani Muleba, mkoani Kagera, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wakiwamo wanaolea wajukuu. Tathmini ya mwaka 2008 juu ya pensheni hiyo ilipewa jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule. Jina hilo linasema kwa ufupi ni vitu vidogo kiasi gani vinavyomkosesha bibi usingizi. Zanzibar nayo, mwezi Aprili 2016, ilianza kumlipa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Mipango kama hiyo hainunui furaha, lakini huondoa sababu moja ya mstari kupanda.

Nne, shule iwe mahali pa kumpunguzia mlezi mzigo. Mwalimu amwite mlezi siku ambayo mtoto amefanya vyema, si siku ya ugomvi tu. Asimwagize mwanafunzi mbele ya wenzake "aje na mzazi" hali akijua mzazi hayupo. Kikao cha wazazi kiwe na muda wa walezi kuzungumza wenyewe kwa wenyewe. Wanafunzi nao wanaweza kumchotea maji bibi wa jirani anayelea, au kukaa na wadogo jioni moja kwa juma.

Mithali husema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: atazamaye kwa mbali huuona mwepesi. Sayansi imetoa mizani ya kuupima mzigo huo kwa siku za kupona jeraha, kwa homoni na kwa ncha za kromosomu, na mizani hiyo imeonyesha kwamba hakuna usufi ndani ya kanda. Baada ya kujua hivyo, kumsifu mlezi na kuondoka hakuwezi tena kuitwa msaada. Anayetaka kumsaidia mtoto asiye na wazazi aanze kwa kumwuliza mlezi wake ni siku gani ya juma angependa kupumzika, kisha siku hiyo afike.